Bakteria Wanaosafisha Maji ya Ardhini: Maswali Yenu na Majibu

Swali: Je, bakteria hula kweli sumu iliyomwagika, au huificha tu ardhini?

Jibu: Inategemea sumu yenyewe. Mafuta ni chakula chao halisi. Mwaka 1975, huko Hanahan, South Carolina, takriban lita 300,000 za mafuta ya ndege zilivuja kutoka ghala la jeshi la Marekani, na kufikia 1985 uchafu ulikuwa umefika kwenye makazi ya watu. Bakteria wa udongoni walikuwa tayari wakiyala mafuta hayo, ila polepole. Walipoongezewa virutubisho mwaka 1992, uchafu chini ya makazi hayo ulipungua kwa asilimia 75 kufikia mwisho wa 1993.

Trikloroethilini, ambayo viwanda huitumia kuondolea grisi kwenye vyuma, ni habari nyingine. Ipo jamii ya bakteria ambao huipumua, kama sisi tunavyopumua oksijeni, na kwa kufanya hivyo huinyofoa atomi za klorini moja baada ya nyingine.

Swali: Kwa nini mafundi humimina molasi au mafuta ya soya kisimani?

Jibu: Vikichachuka humaliza oksijeni, ambayo bakteria wanaopumua trikloroethilini hawaistahimili, na hutoa hidrojeni wanayoihitaji.

Swali: Kiwandani kwetu trikloroethilini imeshuka sana, lakini vinili kloridi imepanda. Msimamizi anasema kazi imekwisha. Ni kweli?

Jibu: Hapana, na ninaomba msikubali visima vya uchunguzi vifungwe. Vinili kloridi ni trikloroethilini iliyonyofolewa klorini nusu njia, ikabakiwa na atomi moja, nayo husababisha saratani. Marekani huruhusu mikrogramu 2 tu katika lita ya maji ya kunywa, wakati trikloroethilini inaruhusiwa 5. Mnachokiona ni kazi iliyokwama njiani, pengine kwa sababu ardhi yenu ina upungufu wa Dehalococcoides, bakteria ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwatangaza mwaka 1997 kuwa wanaweza kuifikisha safari hiyo hadi ethini, gesi isiyo na klorini. Wasipokuwepo, hupandikizwa: katika kituo cha jeshi la anga cha Kelly, Texas, uvunjaji ulikuwa umekwama kwenye dikloroethini, hatua iliyo kabla ya vinili kloridi, mpaka walipoingizwa ardhini, ndipo ethini ikaonekana.

Dai vipimo vya ethini pamoja na vya sumu, na ukipata nafasi simama karibu na anayechukua sampuli. Chupa ndogo ya kioo ijazwe mpaka mdomoni, ifunikwe, kisha ipinduliwe: kikionekana kiputo kikubwa kuliko punje ya njegere, sampuli ichukuliwe upya, kwa kuwa sumu hizi hutorokea kwenye hewa hiyo na maji yakapimwa kama masafi.

Swali: Na kromu ya viwanda vya kupaka metali?

Jibu: Metali haivunjwi. Bakteria huweza kuibadilisha kromu ya valensi sita, inayosafiri na maji, iwe ya valensi tatu, inayoganda udongoni. Kwa hiyo inabaki palepale, na visima viendelee kupimwa.