Kontrola ikishasasishwa: kwa vijana mnaoanza upimaji Dar

Ofisi ikisasisha programu ya kontrola (kifaa cha mkononi cha kuendeshea upimaji) au ya risiva (kinachopokea mawimbi ya satelaiti), simu ninazopigiwa na vijana walioko saiti hufanana: "Mkuu, imegoma." Imegoma kufunguka, imegoma kuisikia besi (risiva inayosimama mahali pamoja ikituma masahihisho), imegoma kusoma jobu (faili la kazi) ya jana. Hizo haziniumizi kichwa. Kifaa kilichogoma kinakurudisha ofisini mapema, mteja ananuna, kesho mnarudi. Kinachonitisha ni kontrola iliyotoka kusasishwa ikawaka vizuri, ikapata fiksi (hesabu ya mahali iliyotulia kwa sentimita) upesi, ikameza pointi zote za Madale bila kulalamika, na kila pointi ikawa imehama.

Chanzo cha kuhama huko hujirudia. Sasisho likiingia, mara nyingi mipangilio hurudi ilivyotoka kiwandani, na kiwandani kila kitu ni WGS84, datamu (msingi wa kuhesabia mahali) ya GPS. Michoro mingi ya viwanja utakayokabidhiwa hapa Dar imejengwa juu ya Arc 1960, datamu inayotumia elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu) ya Clarke 1880, kwenye UTM (gridi ya mita) zoni 37 kusini. Pointi ileile ukiisoma kwa datamu hizo mbili, N (namba ya kaskazini) inatofautiana karibu mita 300 na E (ya mashariki) karibu mita 90. Kwa Tandale, mita 300 ni mtaa mwingine na mjumbe mwingine. Wala usijifariji na zile sentimita 2 za usahihi zinazoonyeshwa kwenye skrini. Hizo zinapima uhusiano wa rova (risiva unayotembea nayo) na besi yake tu. Besi ikiwa imesimamishwa mahali pasipo pake, rova itaifuata huko huko kwa sentimita 2.

Mita 300 bado ni afadhali, maana ukiweka pointi juu ya picha ya satelaiti utashtuka. Kuna mtego mdogo zaidi ambao wengi hawaufahamu. Fungua orodha ya datamu kwenye kontrola: mara nyingi Arc 1960 ziko zaidi ya moja. Ipo ya wastani wa Kenya na Tanzania, ambayo husogeza X, Y na Z kwa mita −160, −6 na −302. Ipo ya Tanzania peke yake, yenye −175, −23 na −303. Zote zinaitwa Arc 1960, na sasisho linaweza kukuhamisha kutoka moja kwenda nyingine bila kukuuliza. Kwa Dar tofauti yake ni mita 5 hivi. Kwenye picha hutaiona, lakini kwa Sinza ni kibaraza cha jirani na nusu ya choo chake. Kwa hiyo usiandike kwenye daftari "Arc 1960" ukaishia hapo. Andika na zile namba tatu. Na kazi ikidai TAREF11, fremu mpya ya taifa, muulize aliyeitoa kazi kabla ya kugusa chochote, maana hiyo iko jirani na WGS84, na Arc 1960 iko mbali nayo.

Zipo dalili unazoweza kuzisoma hata kabla ya kuufikia mti wa kwanza wenye kivuli. Ndani ya Dar, E huwa na tarakimu 6 na huanza na 5, kwa sababu mji wote uko mashariki kidogo ya longitudo 39, ambayo ndiyo mstari wa kati wa zoni 37. N huwa na tarakimu 7 na huanza na 92. Ukiona E imevuka milioni, uko zoni 36. Hilo huwapata sana waliotoka kupima Dodoma, kwani Dodoma iko zoni 36, na kontrola iliyosasishwa huko hurudi Dar na zoni ya huko. Ukiona N ni hasi, ya laki saba na ushee, programu inaamini uko kaskazini ya ikweta. Na ikiwa E inaanza na 92 huku N inaanza na 5, safu zimepishana wakati wa kuingiza faili. Toleo jipya huenda limebadili mpangilio wa safu, au limebadili lugha, na pamoja na lugha nukta ya desimali imegeuka mkato.

Lakini tarakimu hizo hazikamati kosa la datamu, kwa sababu WGS84 na Arc 1960 zote huanza na 5 na 92. Dawa yake ni moja tu: simamisha rova juu ya alama ambayo namba zake unazijua na unaziamini, kisha linganisha. Alama mbili ni bora, tena zilizo mbali na besi. Bosi akikuharakisha, mwambie ukweli kwamba robo saa kwenye alama ni nafuu kuliko kwenda kung'oa bikoni (alama za mpaka) mbele ya mwenye kiwanja, ndugu zake na mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Urefu una visa vyake. Satelaiti zinakupa urefu juu ya elipsoidi. Urefu juu ya bahari unapatikana kwa faili la jeoidi (usawa wa bahari ulioendelezwa hadi chini ya nchi kavu), na faili hilo hupotea kirahisi sasisho linapofagia makabrasha. Hapa Dar jeoidi iko zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi. Kwa hiyo ukisimama mchangani Coco Beach ukasoma hasi ishirini na kitu, faili halipo. Hilo linaonekana. Lisiloonekana ni programu iliyoacha jeoidi ya EGM96 ikachukua ya EGM2008, kwani tofauti yake ni ndogo, na kwenye mchoro wa mfereji wa Jangwani maji hufuata hicho hicho kidogo. Kagua pia aina ya antena. Ikirudi kuwa "haijulikani", au kipimo cha nguzo kikahama kutoka chini ya antena kwenda katikati yake, urefu wote unapotea kwa sentimita kadhaa na hakuna kengele itakayolia.

Sasa yale ya kugoma. Taa ya redio inawaka, besi inatuma, rova haifikii hata floti, ile hatua ya kabla ya fiksi. Kabla ya kulaumu redio, uliza ni kifaa kipi kilichosasishwa. Besi mpya huenda sasa inatuma masahihisho kwa jumbe mpya za MSM za RTCM 3 (lugha ya besi na rova), wakati rova ya zamani inazijua zile za kale tu, kama 1004 na 1012. Rova inapokea, haielewi. Irudishe besi kwenye jumbe za kale, au zisasishe zote mbili siku moja. Kama mnatumia laini ya simu badala ya redio, angalia APN (mpangilio wa intaneti wa laini), maana nayo hufutika, halafu angalia bando. Bando lisiwe jambo la aibu kuulizia. Linaisha kwa kila mtu.

Risiva kuukuu zilizonunuliwa mkononi zina ugonjwa mwingine. GPS huhesabu wiki 1,024 kisha huanza sifuri, na duru ya pili ilifungwa usiku wa tarehe 6 Aprili 2019. Risiva ambayo programu yake ya ndani haikuandaliwa hurudi nyuma karibu miaka 20. Kwenye skrini utaona satelaiti na utaona namba, lakini ukienda kuchakata ofisini programu inatafuta data za satelaiti za tarehe isiyo yenyewe, inakataa kila faili. Tazama tarehe kwanza. Ni jambo dogo kiasi kwamba kila mtu hulitazama mwisho.

Na kuna lawama ambazo sasisho halistahili. Ukimaliza kusasisha mchana, ukaenda Goba chini ya miembe na mabati, ukakosa fiksi, hiyo ni miembe na mabati. Ukipima vizuri kutwa nzima kisha kuanzia magharibi fiksi ikawa inapatikana na kupotea, hasa Machi na Aprili au Septemba na Oktoba, tena katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, hiyo ni ionosfera, tabaka la juu la anga ambalo mawimbi ya satelaiti hupita. Ukanda wetu huu wa karibu na ikweta hupata misukosuko hiyo baada ya jua kuzama, na huendelea hata karibu na usiku wa manane. Risiva ikikaa muda mrefu imezimwa, nayo huhitaji dakika kadhaa, kwani almanaki (ratiba ya satelaiti zote) kamili ya GPS hutumwa kwa dakika 12.5. Njia ya kupambanua ni kuchukua kifaa cha pili ambacho hakijasasishwa na kukisimamisha palepale, saa ileile. Vikiumwa vyote, iachie anga.

Kuhusu kusasisha kwenyewe sina mengi. Usifanye usiku wa kuamkia saiti. Betri ijae, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika programu ya ndani, risiva inaweza isiwake tena. Toa jobu zote nje kwanza, piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu, na weka faili la toleo la zamani. Soma tarehe ya dhamana pia, kwa kuwa wapo watengenezaji ambao risiva zao hukataa toleo lililotoka baada ya dhamana kuisha.

Ikibidi kuwaandikia wauzaji, usiwaambie "haifanyi kazi". Wape namba ya toleo la zamani na la jipya, la kontrola na la risiva kila moja peke yake, namba za alama uliyopima kabla na baada, na faili ghafi la kipindi kimoja kifupi. Wakati unasubiri jibu, rudisha toleo la zamani kwenye seti moja muendelee na kazi, na pointi za ile seti nyingine zisiingie kwenye mchoro.