Kelele za Mezani

SWALI: Ndugu Mshauri, huu ni mwezi wangu wa nne katika kazi ya mhudumu wa tabia, yaani anayemsaidia mtoto kubadili tabia kwa kufuata mpango aliopewa, nami nimekabidhiwa mtoto wa miaka sita mwenye usonji ambaye bado hasemi. Kila ninapomwekea kazi mezani hupiga kelele na kutupa kadi chini. Nimekuwa nikimwondoa mezani na kumkalisha pembeni mpaka atulie, lakini kelele zimezidi. Mama yake ananiambia nizipuuze tu. Je, nimfuate? – Mwanagenzi

JIBU: Ndugu Mwanagenzi, kwa jinsi ulivyoeleza, yaelekea mtoto amekwisha kujifunza kwamba akipiga kelele kazi huondolewa. Kile unachokiona wewe kuwa ni adhabu, kwake ni pumziko, na ndiyo maana kelele zinaongezeka.

Nimesema "yaelekea" kwa makusudi. Kelele zilezile zaweza kuwa za kumwita mtu, za kutaka kitu, za kukwepa kazi, au za kuupa mwili hisia unayoitafuta; tena mtoto asiyesema anaweza kuwa anaumwa jino au sikio, jambo ambalo lazima litazamwe kabla ya mengine yote. Kwa hiyo, kwa siku kadhaa, andika mambo matatu kila tukio linapotokea: kilichotangulia, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Andika kinachoonekana na kuhesabika, kwa mfano "alitupa kadi tatu, akapiga kelele kwa sekunde 40". Neno "mkaidi", ambalo nimelikuta mara nyingi mno katika madaftari ya wahudumu, halimwelezi mtoto. Linaeleza uchovu wa aliyeliandika.

Ushauri wa mama una mahali pake, lakini si hapa. Kupuuza huweza kusaidia pale mtoto anapotafuta kuangaliwa. Ikiwa anakwepa kazi, nawe ukageuza uso huku kazi ikiwa imesimama, amekwisha kupata alichokitaka. Isitoshe, tabia iliyozoea kulipwa, yaani kumpatia mtoto anachokitaka, ikikosa malipo yake, mara nyingi hupanda kwanza kabla ya kushuka, na mhudumu anayesalimu amri kileleni humfundisha mtoto kwamba kelele kubwa ndizo zinazofaa. Kama mtoto hujipiga au hujing'ata, kupanda huko ni hatari, na hatua ya kuinyima tabia malipo haianzwi pasipo mpango ulioandikwa na mchambuzi wa tabia, mtaalamu anayetafuta chanzo cha tabia na kutunga mpango wa kuibadili.

Lililo bora ni kumpa njia nyingine ya kusema "nimechoka". Mwaka 1985 watafiti Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba watoto waliofundishwa kuomba msaada au kuangaliwa, kulingana na kilichokuwa kikisababisha vurugu zao, walipunguza vurugu hizo. Mtoto wako aweza kufundishwa kukupa kadi yenye picha ya pumziko, au kuonyesha ishara ya mkono. Mwanzoni mpe pumziko papo hapo kila anapoomba, hata kama kazi haijafika popote, na umwelekeze aombe kabla kelele hazijaanza. Kumcheleweshea kidogo kidogo ni jambo la baadaye. Kazi yenyewe nayo ichunguzwe, kwani huenda ni ndefu au ngumu kupita uwezo wake.

Hayo yote yapeleke kwa msimamizi wako pamoja na daftari, kwa kuwa mhudumu hutekeleza mpango, hajitungii. Nchini Marekani, ambako cheti cha mhudumu wa tabia kilianzishwa mwaka 2014, mwombaji hupitia mafunzo ya saa 40, muda ambao kwa maoni yangu ni mfupi, na ndiyo sababu hutakiwa kusimamiwa kwa angalau asilimia 5 ya saa anazohudumia kila mwezi. Barua yako haimtaji msimamizi hata mara moja. Ikiwa umeachwa peke yako kwa miezi minne, omba aje akutazame ukiwa kazini na mtoto, kabla hujabadilisha lolote, na mama naye awepo siku hiyo.