Mwanangu, kuhusu karanga za Kongwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema basi lilipokaribia Kongwa, huko Dodoma, mzee uliyekaa naye akakuambia, "Hapa Waingereza walizika pesa zao," nawe ukaniuliza: Mama, wasomi wote wale, hakuna aliyewaambia kwamba karanga zao pale hazitafaa?

Swali lako limeninyima usingizi, maana jibu linauma. Wajinga hawakuwa. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani, mafuta ya kupikia yakigawiwa kwa kipimo, na serikali ilitaka karanga upesi. Aliyeongoza ujumbe wa kukagua ardhi, John Wakefield, aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika hii hii. Lakini walikuja watatu, kwa wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa angani. Wakarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3.

Pori kubwa la Kongwa lisilo na watu waliliona bahati. Mgogo yeyote, mwenyeji wa huko, angewaambia kwa nini halina watu: maji hakuna. Hawa ni watu waliopitia Mtunya, njaa iliyowamaliza kuanzia 1917. Wanalima uwele na mtama kwa sababu mvua yao wanaijua. Kuna aliyekwenda kukaa nao chini akawauliza? Mimi sijasoma popote kwamba yupo.

Tena karanga, mwanangu! Karanga huzaa chini ya udongo na kuvunwa kwa kung'olewa. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama tofali, na mchanga uliomo ulisaga majembe ya matrekta. Mibuyu ikawashinda. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita na yaliharibika mapema, hata vifaru vya vita vikageuzwa matrekta.

Lakini hayo mimi ningeyasamehe. Kukosea kupo. Ninaloshindwa kulisamehe ni la mwaka wa pili. Mwaka 1947 walikusudia ekari 150,000, wakapata kama 7,500. Ukweli ulikuwa mezani, unahesabika. Badala ya kusimama, wakaunda shirika jipya la serikali, wakaongeza fedha, na waziri wa chakula, John Strachey, akaendelea kuutetea mpango bungeni. Kila pauni iliyokwisha zama iliwafanya waone aibu kuacha. Walipoacha, Januari 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda, na karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu walizonunua.

Kwetu zilibaki ardhi zilizochunwa miti, na maelfu ya vijana waliokuwa wameacha mashamba yao kufuata mshahara. Kule kusini, reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo ilikuja kung'olewa. Bandari ya Mtwara ndiyo iliyosalimika, na leo inapakia korosho.

Najua huulizi historia tu. Uliniambia kazini kwenu kuna mradi unaokutia wasiwasi, na wakubwa wanasema hatuwezi kurudi nyuma sasa. Hesabu ulizonionyesha, wapelekee kwa maandishi, wiki hii, hata kama mkono utatetemeka.

Ukipata likizo mwezi wa tisa, twende wote Kongwa. Nataka ujaribu kuuchimba udongo ule kwa jembe la mkono kabla ya mvua.

Mama yako