Kikohozi, asali na mtoto wa miezi 7

SWALI: Daktari, kwa siku 4 nimempa mwanangu wa miezi 7 dawa ya mitishamba ya kikohozi iliyochanganywa na asali. Sasa hapati choo na ananyonya kwa ulegevu. Je, ni madhara ya dawa hiyo?

JIBU: Mama, mpeleke hospitali leo hii pamoja na chupa yenyewe, hata kama haina lebo. Asali haipewi mtoto aliye chini ya miezi 12, kwa kuwa huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo, ndani ya utumbo usiokomaa, huota na kutoa sumu inayolegeza misuli: choo hufunga, kope hulegea, kilio hufifia. Kuichemsha asali nyumbani hakuziui mbegu hizo, ingawa wengi huamini kwamba huziua. Usimpe dawa ya kulainisha choo kabla hajapimwa.