Usikubali kukatwa huo uvimbe kabla ya biopsi (kipande chake kidogo kupimwa maabara)

Usiende Jumatatu. Unasema uvimbe nyuma ya goti lako una miaka 2, hauumi sana, eksirei imeonyesha chembe za chokaa, na umeambiwa ni damu ya zamani iliyoganda, itolewe kwa ganzi kisha urudi nyumbani siku hiyohiyo. Ndivyo nilivyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno. Wangu ulikuwa sarkoma ya sinovia, aina ya saratani ya tishu laini kama misuli.

Chokaa si cheti cha usalama! Saratani hii huwa na chokaa kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa. Huota sana miguuni, hasa karibu na goti, huwapata mno vijana, na yaweza kukua polepole kwa miaka. Kwa hiyo usijifariji kwamba kama ingekuwa mbaya ingeshakumaliza.

Mimi nilikubali kisu. Daktari alipasua mkato uliokingama mguu, akaunyofoa uvimbe vipande vipande, akashona. Majibu ya maabara yalipotoka, seli za saratani zilikuwa zimeshasambazwa kwenye kidonda chote. Upasuaji wa pili ikabidi uondoe kovu zima, nyama yenye afya iliyolizunguka na sehemu ya msuli, halafu wiki kadhaa za mionzi. Uvimbe wenyewe ulikuwa mdogo. Kilichoninyang'anya msuli ni ule mkato wa kwanza.

Bado nina hasira na yule daktari. Hakuniuliza hata kama goti liliwahi kugongwa, na halikuwahi. Sasa hiyo damu ilitoka wapi? Hata mfupa unaoota ndani ya msuli baada ya kuumia, ambao nao huonekana kama chokaa kwenye picha, kwa kawaida hukomaa kuanzia pembeni kwenda katikati, na mtaalamu wa picha huutafuta mpangilio huo. Picha yangu aliitazama kwa sekunde chache tu.

Hakuna kisu kabla ya picha ya MRI na biopsi ya sindano. Na sindano isichomwe popote tu: timu itakayokufanyia upasuaji wa mwisho ndiyo ipange ipite wapi, kwa sababu njia yake huenda ikalazimika kukatwa pamoja na uvimbe. Omba rufaa kwa wanaotibu sarkoma. Wakikataa kukuandikia, tafuta daktari mwingine.

Piga simu kesho asubuhi uahirishe, kisha tuandikie hapa wamekujibu nini. Nitakuwa naangalia.