Likizo ya majani kupukutika na mbwa ndani ya nyumba: acheni saa yake iongoze

Kila likizo ya msimu huu wa majani kupukutika ikikaribia, marafiki wenye mbwa wananiuliza swali lilelile, eti nyie huwa mnafanyaje, mnamwacha kwa nani, mnaenda naye, hawasumbui? Jibu fupi ni kwamba tunaenda naye na hasumbui sana, lakini sio kwamba ana adabu kuliko mbwa wa watu wengine, maana Bosi wetu (watoto ndio walimpa hilo jina na kwa kweli linamfaa) ni mbwa wa kawaida kabisa, anaiba soksi na anabweka mtu akipiga hodi kwenye televisheni. Siri ni moja tu, likizo yetu inapangwa kwa saa ya mbwa. Sio saa ya watoto, wala yangu, wala ya baba watoto ambaye angeachiwa ratiba tungekuwa tunapanda milima kila siku asubuhi mpaka usiku.

Najua inachekesha lakini ngoja nieleze.

Mbwa mzima analala sana, ukijumlisha usiku na vile vijiusingizi vya mchana unapata kama saa 12 hadi 14 kwa siku, na mbwa mzee au mtoto wa mbwa analala zaidi ya hapo. Siku za shule hilo linajiendea lenyewe kwa sababu nyumba iko kimya. Sasa likizo ianze, watoto wapo, marafiki zao wanaingia na kutoka, mlango haupumziki, na kila anayempita mbwa lazima amguse kidogo, amwite kidogo, amtupie mpira. Ikifika jioni mnyama anaanza kukimbia huku na huku kama kapandwa na wazimu, anang'ata mito, anarukia watu, halafu utasikia mtu anasema huyu ana nguvu nyingi mtoeni tena nje. Hapana jamani, huyo kachoka! Anataka kulala hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo kabla hata ya kufikiria matembezi, mpe sehemu yake ya kulala pembeni mbali na njia ya watu, na sheria ya nyumba iwe kwamba akiwa pale haguswi, haitwi, hapigwi picha. Watoto wakubwa wanaelewa haraka. Wadogo inabidi uwe nao hapohapo, mtoto mdogo na mbwa hawaachwi peke yao chumbani hata kama mbwa ni mpole kama malaika. Na wafundishe kusoma dalili kabla mbwa hajafika kwenye kunguruma: anageuza kichwa pembeni, anapiga miayo na hana usingizi, analamba midomo na hakuna chakula, ule weupe wa jicho unaonekana. Hapo anasema niacheni. Mbwa wengi hawapendi kukumbatiwa shingoni, sisi ndio tunapenda.

Baada ya hapo siku inajipanga yenyewe. Asubuhi matembezi marefu, kisha chakula, kisha mchana wote kimya, na huo mchana ndio tunaenda sehemu zisizomhusu, sinema, makumbusho, kuogelea, sehemu zenye foleni. Watu wengi wanaona kumwacha mbwa wakati wa likizo ni ukatili, mimi naona ukatili ni kumburuza kwenye umati wa watu anakanyagwa mikia na kuvutwa kamba saa nne nzima ili tu tuseme tulikuwa familia nzima. Jioni tena kidogo, basi. Muda wa kula haubadiliki hata tukiwa safarini. Na kama mnaishi sehemu zile wanazorudisha saa nyuma saa moja kipindi hiki, kumbuka yeye hana habari, tumbo lake linamwambia muda umefika na atakuja kukuamsha bado usiku. Sogeza chakula dakika 10 au 15 kila siku kuanzia siku chache kabla na hutasikia kelele. Ila kama ni mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu usimpe chakula halafu umkimbize papo hapo, mpe angalau saa moja au zaidi, mbwa wa namna hiyo tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota na hiyo ni dharura ya kweli, haisubiri kesho.

Haya, matembezi yenyewe. Msimu huu ndio mzuri kuliko yote kwa mbwa, hakuna joto na ardhi imejaa harufu. Mbwa ana vipokezi vya harufu mamia ya mamilioni, sisi tunavyo kama milioni 5 au 6 tu, kwa hiyo akisimama kwenye rundo la majani dakika nzima usimvute, anasoma habari za mtaa mzima. Matembezi ya nusu saa ya kunusa taratibu yanamchosha vizuri kuliko saa nzima ya kutembea haraka haraka ubavuni kwako, na uzuri wake ni kwamba mwendo huo ndio wa watoto pia, nao wanasimama kila baada ya hatua mbili kuokota vijiti. Mchezo unaopendwa sana kwetu ni huu: mmoja anamshika mbwa, mwingine anaficha vipande vya chakula chake kwenye majani makavu, halafu anaachiwa atafute. Hamna gharama na watoto wanapiga kelele za furaha kuliko kwenye bembea. Ila kagueni kwanza majani yenyewe, chini yake kunaweza kuwa na chupa zilizovunjika, na rundo lililokaa muda mrefu na unyevu linaota ukungu.

Na hapo ndio niseme kwa nini msimu huu, pamoja na uzuri wake wote, unataka macho. Kila kinachoanguka kinaanguka kwenye usawa wa mdomo wa mbwa. Mbegu za mwaloni zina tanini, akizila nyingi tumbo linavurugika na zinaweza hata kuziba utumbo. Matunda yaliyodondoka na kuanza kuchacha yanatengeneza pombe, juu yake kuna nyigu, na yale yenye kokwa kubwa kokwa linakwama. Uyoga ndio usicheze nao kabisa, hata wajuzi wanauchanganya, mingine inaua ini na dalili zinachelewa mpaka unadhani amepona. Rundo la mboji la bustanini nalo ni hatari kwa sababu ya sumu za ukungu, mbwa akianza kutetemeka baada ya kutoka huko mkimbize hospitali. Halafu kuna vitu viwili ambavyo watu wanavisahau kwa sababu haviko porini: kulanti ya kwenye rejeta ya gari, ile yenye ethilini glikoli, ina utamu na mbwa anailamba kwa hiari yake, kidogo tu kinatosha kumuua figo. Na sumu ya panya, kwa sababu baridi ikianza panya wanahamia majumbani na watu wanaweka sumu kila kona. Mkifika nyumba ya kukodi, kabla hujamfungulia mbwa, uliza mwenye nyumba kama kuna sumu imewekwa, angalia nyuma ya friji na chini ya sinki.

Akila kitu usichokielewa piga simu kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo, usisubiri dalili, na chukua kifurushi au kipande kilichobaki ukamwonyeshe. Usimtapishe kwa maji ya chumvi. Sijui nani alianzisha huo ushauri ila chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa.

Ndani ya nyumba ni mabegi ya watoto. Likizo ina vitafunwa kila mahali na begi likiwa sakafuni mbwa anajua zipu inafunguliwaje. Chokoleti ina theobromini ambayo ni sumu kwa mbwa, na ile nyeusi chungu ni mbaya zaidi kuliko ya maziwa. Zabibu mbichi na kavu zinaweza kuharibu figo hata zikiwa chache, na hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika mbwa wako atavumilia ngapi. Bigijii na pipi zisizo na sukari zikiwa na zailitoli, kile kitamu kinachowekwa badala ya sukari, zinashusha sukari ya damu ghafla. Vitunguu pia hapana, vibichi wala vya kupikwa. Kwetu mabegi yananing'inia ukutani, mambo yameisha.

Kupe. Watu wanadhani kupe ni mambo ya joto tu, kumbe wengine wanatembea hata nyuzijoto 7 na msimu huu wa unyevunyevu wanaupenda sana. Kila mkirudi mkague kwa vidole, sio kwa macho: masikio ndani na nyuma, chini ya kola, kwapani, kwenye mapaja, katikati ya vidole. Ukimkuta mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi umvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta, usimuunguze na njiti. Ugonjwa wa Lyme, ule wa bakteria unaoletwa na kupe, kwa kawaida unahitaji kupe awe amenyonya zaidi ya saa 24, kwa hiyo ukaguzi wa jioni ni kinga kubwa, na watoto nao wakaguliwe hivyohivyo. Dawa ya kupe na viroboto usiisimamishe eti kwa sababu joto limeisha.

Giza linawahi, kwa hiyo kola yenye riflekta au taa ndogo ya kuning'iniza, sio kwa ajili ya uzuri, dereva haoni mbwa mweusi saa kumi na mbili jioni. Sehemu zenye wawindaji mvalishe kitu cha rangi ya machungwa na kamba isitoke mkononi, kipindi hiki ndicho wanatoka. Kuhusu matope na manyoya sina mengi, taulo la zamani mlangoni, kausha hadi katikati ya vidole, na piga brashi kila siku kwa sababu anabadilisha manyoya ya kiangazi na ya baridi na usipoyachukua wewe kwa brashi sofa itayachukua.

Sasa safari. Chakula cha mwisho kama saa tatu kabla ya kuondoka, maji kidogo kidogo, na kwenye gari awe amefungwa, hanesi na mkanda wake au kreti iliyofungwa vizuri nyuma, maana mbwa aliye huru gari likifunga breki anaruka mbele na uzito wake wote kwenye vichwa vya watoto. Kichwa hakitolewi dirishani. Simameni kila baada ya saa mbili hivi, na mlango haufunguliwi kabla kamba haijashikwa. Na lile suala la kumwacha garini dakika tano tu, msidanganyike na msimu, nje ikiwa nyuzi 21 na jua linawaka ndani inafika karibu 32 kwa dakika kumi na kuelekea 40 ndani ya nusu saa. Mmoja abaki naye nje, kwetu tunapokezana.

Mbebee tandiko lake na usilifue kabla ya safari. Najua linanuka, hiyo harufu ndiyo inayomwambia hapa ni nyumbani. Chakula chake kilekile cha siku zote, safari sio muda wa kujaribu kingine. Kwenye kola andika namba ya simu inayopatikana, na kama ana chipu, ile inayowekwa chini ya ngozi, hakikisha namba iliyosajiliwa ni ya sasa, kwa sababu chipu ni namba ya tarakimu 15 tu, haionyeshi alipo, isiposajiliwa vizuri haisaidii kitu. Mkivuka mpaka anzeni kushughulikia karatasi wiki nyingi kabla, nchi nyingi zinataka chanjo ya kichaa cha mbwa na baadhi zinahesabu siku 21 baada ya chanjo ya kwanza ndipo aruhusiwe. Siku ya kwanza kwenye nyumba ngeni msimwache peke yake. Zungukeni naye kila chumba, mzunguke uzio mkiangalia matundu, aone mnapolala, kesho yake ndio mjaribu kutoka robo saa.

Fataki ni mada inayojitegemea ila kwa ufupi: mtoe mapema kabla giza halijaingia, funga madirisha na mapazia, washa redio, na akija kujibana kwako mkumbatie bila wasiwasi, ule uzushi kwamba ukimbembeleza unamfundisha woga sio kweli. Kama anatetemeka vibaya kila mwaka ongea na daktari wiki kadhaa kabla, dawa zipo.

Kisha kuna wiki ya kurudi shule ambayo hakuna anayeiwaza. Mbwa kazoea nyumba imejaa halafu Jumatatu moja wote wanapotea kwa pamoja, ndio hapo majirani wanaanza kulalamika kelele. Siku chache kabla likizo haijaisha anzeni kutoka wote bila yeye, kwanza dakika chache, kisha saa moja, kisha saa mbili, bila kuaga kwa sherehe wala kurudi kwa sherehe, na mwachie kitu cha kutafuna. Watoto wangu hilo la kutokuaga limewashinda kabisa, mdogo anarudi mlangoni mara nne kumwambia baadaye Bosi, kwa hiyo siku hizi anawahi kupelekwa kwenye gari kwanza.