Wadogo zangu mnaouliza kama huku ni baga na sinema kila siku

Kwenye grupu la familia wiki hii wadogo zangu wamenibana, eti kaka upo Houston, Marekani mwaka wa ngapi huu mbona hatukuoni McDonald's, hatukuoni sinema, au maisha yamekupiga? Nimeona nijibu kwa urefu tu, maana najua wanaowaza hivyo ni wengi, na mimi kabla sijapanda ndege nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Nianze na msosi. Nyumbani KFC ni sehemu ya kutoka, mtu anavaa anapendeza, bethdei inafanyikia pale, picha zinapigwa. Huku ni kinyume kabisa, huku hiyo ni misosi ya mtu aliyechoka. Mimi nikitoka shifti ya usiku alfajiri, ile foleni ya magari dirishani ni watu wa maghala, wasaidizi wa manesi, mafundi ujenzi wamejazana kwenye pikapu na ngazi juu, hakuna anayepiga picha hata mmoja, mtu anakula mkono mmoja uko kwenye usukani anawahi kazi ya pili.

Zile ofa mnazoziona mtandaoni zipo kweli. Mwezi wa sita 2024 McDonald's walileta ya dola 5, unapewa baga, vipande 4 vya kuku, chipsi ndogo na soda ndogo, na Wendy's, mgahawa mwingine wa baga, walishaleta yao mwaka 2015, vitu vinne kwa dola 4. Lakini bei ya kwenye bango sio unayolipa, hapa Houston kodi ya mauzo ni asilimia 8.25 na inaongezwa ukifika kulipa, kwahiyo dola 5 inatoka 5.41. Halafu kima cha chini cha mshahara hapa jimbo la Texas ni kilekile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009. Wengi wanalipwa zaidi ya hapo lakini yule anayelipwa hiyo, ofa moja ni kama dakika 45 za kusimama, na hapo bado hajakatwa kodi ya mshahara. Ndio maana huwa nawaambia msiibadilishe kuwa shilingi, hesabuni kwa saa za kazi mtanielewa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ofa nzuri siku hizi zimefichwa kwenye app. Kuna mgahawa mmoja siutaji jina, mbele yangu alikuwa mzee wa makamo ya babu yetu, amepanga sarafu zake kwenye kaunta kwa vidole anataka kahawa na sandwichi kwa bei aliyoiona kwenye tangazo, binti akamwambia hiyo ni ya kwenye app tu, mzee akatoa simu yake ya vitufe akaiangalia, akairudisha mfukoni, akachukua kahawa peke yake. Hiyo kitu sijaipenda mpaka leo. Ofa ingekuwa ya mwenye shida basi yule ndio ingemfikia wa kwanza. Bora Costco, lile duka kubwa la jumla, hotdog yao na soda ni dola 1.50 tangu 1985 na hawajaigusa, hapo nawapa heshima.

Sasa muvi. Mnaikumbuka Coming to America ya 1988, Eddie Murphy mtoto wa mfalme wa Zamunda anaenda Queens kutafuta mke, anapata kazi ya kudeki kwenye mgahawa wa baga unaojifanya McDonald's lakini sio. Kibanda umiza tulikuwa tunacheka mpaka tunatolewa nje. Nimeirudia huku, aisee, kuna yule kijana mwenzake wa kazini anayemwambia kwa furaha kabisa kwamba na yeye alianza kwa kudeki, sasa hivi anaosha majani ya saladi, karibuni atapandishwa kwenye chipsi. Sehemu ile tulicheka kuliko zote na ndio sehemu ya kweli kuliko zote, ninao wafanyakazi wenzangu wanazipanda ngazi hizohizo na wanazipanda kwa heshima. Uongo wake ni mmoja tu, stelingi ana hela ya baba, akichoka anarudi ikulu. Ile ya pili ya 2021 mimi sikuipenda, nguo nzuri sana lakini baridi ya Queens na kile chumba kibovu vimepotea, na ndio vilikuwa utamu wenyewe.

Sinema naenda, siku za katikati ya wiki kuna punguzo la tiketi, na picha za zamani huwa zinarudishwa, Titanic ilirudi mwezi wa pili 2023. Bisi tu nakula nyumbani, pale zinaweza kuizidi tiketi bei. Ila niwaambie ukweli, Komando kwenye TV kubwa bila sauti ya Lufufu, yule aliyekuwa anatutafsiria muvi kwa Kiswahili, hainogi, Schwarzenegger anaongea Kiingereza chake mwenyewe na mimi naona kuna mtu anakosekana.

Kula yangu ya kila siku ni wali na maharage, mchele na nyama halali nanunua Hillcroft kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, nabeba hotipoti kazini. Ile ofa ya dola 5 nanunua siku moja moja na naifurahia, sijifanyi. Wewe unayekuja chuo mwezi wa nane jifunze kupika kabla hujaja, mengine utayakuta huku.

Halafu ile mikanda ya Lufufu iliyokuwa kwa mjomba Morogoro, kama bado ipo msiitupe jamani, tafuteni fundi aihamishie kwenye flashi, hela ya fundi natuma mimi.